Kununua vitu nje ya nchi mtandaoni: kabla hujalipa, jua nani anaishika pesa yako mzigo ukiwa njiani

MzigoNjiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu ndani mtu anauliza njia salama ya kulipia vitu China, Japani au Marekani, na majibu yanakuja ya mkato: tumia Visa, tumia PayPal, tumia M-Pesa. Mimi nafanya kazi kitengo cha kadi kwenye benki moja hapa Dar, dawati la malalamiko ya watu waliolipa na kitu hakikuja. Nimeona nishushe uzi mmoja mrefu tuuhifadhi, maana haya majibu ya mkato yanawaumiza watu.

Wengi wanaogopa kitu kimoja tu, namba ya kadi kuibwa. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini mafaili mengi yanayopita mezani kwangu ni ya watu ambao kadi yao haikuibwa na mtu. Walilipa wenyewe, kwa mkono wao, kwa muuzaji ambaye hakuwa na mzigo wowote wa kutuma. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kadi au simu, jiulize hivi: pesa ikishatoka kwangu na mzigo bado haujafika, pesa iko kwa nani? Na nikilalamika, yupo mtu mwenye uwezo wa kumlazimisha muuzaji airudishe? Ukikuta pesa iko kwa muuzaji moja kwa moja na hakuna wa kumlazimisha, hiyo njia ni ya kumtumia ndugu yako, usimlipe nayo mtu usiyemjua hata akikupunguzia bei nusu.

Nianze na kadi kwa sababu ndiyo ninayoijua kuliko zote.

Kadi ya Visa au Mastercard, iwe ya kutoa pesa kwenye akaunti yako, ya mkopo, au ile ya kuweka salio, ina utaratibu wa kupinga muamala. Unaenda benki iliyokupa kadi, unajaza fomu, benki yako inaidai benki ya muuzaji kupitia mtandao wa kadi. Muuzaji anapewa nafasi ya kujitetea na ushahidi. Akishindwa, pesa inarudi. Huu ni utaratibu wa mitandao ya kadi yenyewe, na kadi yako ya Tanzania iko ndani yake kama ilivyo ya Mmarekani. Watu wengi hawajui kama wana haki hiyo, na nasikitika kusema hata baadhi ya wahudumu wa kaunta hawajui. Watakwambia "wasiliana na muuzaji tu". Ukiambiwa hivyo, omba fomu ya kupinga muamala wa kadi, na wakisita omba uonyeshwe kitengo cha kadi.

Muda ndio unaowaua wengi. Kwa Visa na Mastercard, kesi ya mzigo ambao haukufika kwa kawaida ina siku 120, zinazohesabiwa kuanzia siku uliyolipa au siku uliyoahidiwa kupokea. Tapeli mzoefu anaujua huu muda kuliko wewe. Ndiyo maana anakuandikia kwa upole, "dada, meli imechelewa, subiri wiki mbili", kisha wiki mbili nyingine, kisha sikukuu ya Wachina, kisha forodha. Kila ujumbe wake wa pole unakula siku zako. Mpe muuzaji nafasi, ndiyo, lakini andika tarehe kwenye kalenda na ikifika nenda benki hata kama bado anakujibu vizuri.

Kuna jambo moja linawachanganya wengi. Ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako wakati wa kulipa inathibitisha kwamba mwenye kadi ndiye aliyelipa. Ukishaiingiza, huwezi baadaye kuja kusema "sikulipa mimi". Lakini kusema "nililipa mimi na mzigo haukuja", au "kilichokuja sicho nilichoagiza", ni kesi nyingine kabisa, na ile namba haikuzuii. Nimekutana na mama aliyenunua mashine ya kudarizi, akakata tamaa kwa sababu rafiki yake alimwambia ukishaweka namba umeshakubali kila kitu. Si kweli. Alikuwa bado ndani ya muda, na ungemwona alivyokuwa ameubana ule mkoba wenye karatasi zake zote: picha ya tangazo, ahadi ya siku za kufika, mazungumzo, risiti ya malipo. Kesi za namna hiyo ndizo muuzaji anazoshindwa kwa urahisi. Kwenye fomu andika sababu ya kweli, kwa sababu ukiandika kwamba kadi imeibwa wakati uliingiza namba mwenyewe, kesi inakufa kwa kosa la karatasi na wakati ulikuwa na haki.

Naendelea chini, nyie ulizeni.

FunguaBoksi

Mkuu nondo hizi zinahitajika sana. Ila wengi hatutaki kuweka kadi ya mshahara kwenye tovuti za watu. Vipi hizi kadi za kwenye simu, unaweka salio unalipa?

MzigoNjiani

Ni nzuri, na kwa manunuzi madogo ndiyo ningekushauri uanze nazo. Mitandao ya simu hapa kwetu imekuwa ikitoa kadi za Visa au Mastercard zinazotumia salio la simu, na Kenya Safaricom walizindua M-Pesa GlobalPay wakishirikiana na Visa mwezi Juni 2022. Faida yake kubwa ni kwamba tovuti ikivamiwa, mwizi anakuta kadi haina kitu. Halafu kuna zile tovuti zinazokupa siku chache za kujaribu huduma bure kisha zinakukata kila mwezi bila wewe kukumbuka. Kadi isiyo na salio inakuokoa hapo.

Ila ujue mambo mawili. Kwanza, muuzaji akirudisha pesa, inarudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kama umeshaifuta ile kadi ukatengeneza nyingine, pesa inaweza kukaa hewani wiki kadhaa huku wewe ukizunguka kati ya mtandao wa simu na benki iliyo nyuma yake. Usiifute kadi mpaka mzigo ufike na uukague. Pili, kabla ya kuweka pesa kubwa, piga huduma kwa wateja uulize swali moja: nikitaka kupinga muamala, fomu naipata wapi? Kama anayekujibu haelewi unachouliza, hiyo kadi itumie kwa vitu vya dola kumi na tano, ishirini, siyo kwa mtaji wa duka.

Wenye kadi za benki, nyingi huja zimefungwa kwa malipo ya mtandaoni. Omba ifunguliwe na iwekewe kikomo. Ningependa uwe na akaunti ndogo ya pembeni kwa kazi hii, unahamishia kiasi cha manunuzi na si zaidi.

Na tovuti ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa dola wakati bei ni ya dola, chagua dola. Ukichagua shilingi, ubadilishaji unafanywa na upande wa muuzaji kwa kiwango anachotaka yeye, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

PwaniKwetu

Salamu kutoka Mombasa. Mimi hununua vipuri vya kompyuta kutoka Marekani na hulipa kwa PayPal, nimeunganisha na kadi. Huku kwetu tangu 2018 tunaweza pia kuhamisha pesa kati ya PayPal na M-Pesa. Kitu ningetaka watu wajue ni kwamba muuzaji akikuomba umtumie kama rafiki au jamaa ili "mwepuke makato", hapo ulinzi wote umeisha. PayPal wenyewe wamesema wazi malipo ya namna hiyo hayalindwi. Muuzaji ambaye anauza kwa haki atakubali kulipwa kama muuzaji.

MzigoNjiani

Umenena, ndugu yangu wa Mombasa. Nikuongezee hapo hapo: PayPal wanakupa siku 180 tangu ulipolipa kufungua lalamiko, muda mrefu kuliko karibu njia zote tunazoongelea. Lakini ukishalifungua, una siku 20 za kulipandisha hadi wao waamue. Zikipita hujalipandisha, linafungwa lenyewe na halifunguki tena. Muuzaji anayejua hilo atakubembeleza katika zile siku 20, "nakutumia kingine wiki ijayo". Lipandishe tu, mazungumzo yataendelea hukohuko.

Na si kila kitu kinalindwa. Magari na vyombo vya moto viko nje ya ulinzi wa PayPal. Kwa hiyo anayekwambia ununue gari kwake "kwa sababu PayPal italinda", ama hajui ama anajua sana.

Ukilipa PayPal kwa kadi una milango miwili, wa PayPal na wa benki yako. Usiigonge yote kwa pamoja, kwa sababu ukipinga muamala benki, PayPal wanalifunga lalamiko lako kwao. Anza PayPal, ukikosa haki na muda wa kadi bado upo, njoo benki.

KijanaWaKariakoo

Mkuu umesahau sisi wa China. Mimi natoa mzigo Guangzhou na Yiwu. Wachina wengi ukiwapata Alibaba, mkishaongea kidogo wanakwambia hamia WeChat, lipa kwenye akaunti hii, utapata punguzo. Wengine kweli wanatuma mzigo vizuri tu. Tufanyeje?

MzigoNjiani

Hili ndilo nililokuwa nalisubiri, maana ndiko pesa nyingi za vijana zinakopotelea.

Alipay, ile huduma ya malipo ya mtandaoni ya China, ilianza mwaka 2004 kwa sababu ya tatizo hilihili. Wachina walikuwa hawaaminiani kwenye mtandao: mnunuzi hataki kutuma pesa kwanza, muuzaji hataki kutuma mzigo kwanza. Suluhisho likawa mtu wa kati aishike pesa, mnunuzi apokee mzigo na akubali, ndipo muuzaji alipwe. Yaani Mchina mwenzake alikataa kumlipa kabla ya kuona mzigo, halafu wewe uliye Tandika umtumie moja kwa moja kwa sababu ya punguzo la asilimia tatu?

Alibaba wana ulinzi wao unaoitwa Trade Assurance, na AliExpress wana wa kwao wa rejareja. Zote mbili zina sharti moja lisilopindishwa: malipo yapite ndani ya mfumo wao, kwenye oda iliyofunguliwa hukohuko. Hata ukilipa kwa benki, namba ya akaunti iwe ile inayoonekana ndani ya ukurasa wa oda yako, isiwe ile aliyokutumia kwenye WeChat au barua pepe. Ukitoka nje ya hapo, Alibaba watakuonea huruma lakini hawana pesa yako wala haki ya kuidai.

Halafu andikeni oda vizuri. Hapo ndipo wafanyabiashara wetu wanapolegea. Oda inasema "viatu, jozi 300". Rangi? Saizi? Soli ya mpira au plastiki? Ukija kulalamika kwamba viatu ni vibaya, mwamuzi anasoma oda, anakuta viatu 300 vimetumwa, amemaliza. Andika kila kitu, weka na picha ya sampuli ndani ya oda yenyewe. Mambo mliyokubaliana WeChat yarudieni kwa maandishi kwenye mazungumzo ya Alibaba, hata kwa Kiingereza cha kuombea maji, ilimradi yawepo.

Kwa mnaonunua AliExpress: usibonyeze kitufe cha kuthibitisha umepokea kabla ya kufungua boksi, kuwasha kitu na kukipiga video. Ukibonyeza, unaiachia pesa. Baada ya oda kukamilika una siku 15 tu za kufungua lalamiko. Muuzaji akikuomba "rafiki, thibitisha tu, mzigo uko karibu", usithibitishe.

Sasa kuhusu yule Mchina mwaminifu anayetaka mlipane nje. Wapo, sibishi, na biashara nyingi za Kariakoo zimejengwa juu ya watu hao. Lakini uaminifu huo ulijengwa kwa miaka, kwa watu kwenda na kurudi, kukijua kiwanda, kuwa na wakala anayeukagua mzigo kabla haujaingia kwenye kontena. Wewe wa oda ya kwanza huna hivyo vitu. Oda za mwanzo lipa ndani ya mfumo, hilo punguzo lichukulie kuwa ada ya bima.

DadaWaVitenge

Asante mkuu. Je Western Union na MoneyGram? Kuna mtu wa Uturuki anauza nguo nzuri sana Instagram lakini hapokei njia nyingine yoyote.

MzigoNjiani

Dada yangu, usimtumie. Nakwambia kama ningemwambia dada wa tumbo moja.

Western Union na MoneyGram ni huduma nzuri za kumtumia mtu unayemfahamu. Pesa ikishachukuliwa upande wa pili, hakuna fomu ya kupinga, hakuna mtu wa kati. Western Union wenyewe wanawaonya wateja wasimtumie pesa mtu ambaye hawajawahi kukutana naye. Na tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Januari 2017 kampuni hiyo ilikubali mbele ya serikali ya Marekani kutoa dola milioni 586 kwa sababu ya udhaifu wa kuzuia matapeli waliotumia mfumo wake. MoneyGram nao 2018 walikubali kutoa dola milioni 125. Kule Marekani kuna serikali iliyowapigania wateja hadi hapo. Sisi nani atatupigania?

Muuzaji wa nguo mwenye duka la kweli Istanbul anaweza kupokea kadi. Akisema hawezi, amekupa jibu lako. Hivyohivyo anayetaka kadi za zawadi za Amazon au Apple, na anayetaka USDT. Sarafu za kidijitali ukishatuma zimekwenda, na hakuna benki ya katikati ya kuiambia irudishe.

Na zile kurasa za Instagram zenye wafuasi laki mbili, wafuasi wananunuliwa. Nenda kwenye tovuti yao, angalia jina la tovuti lilisajiliwa lini kupitia lookup.icann.org, ni bure. Tovuti inayojinadi "tangu 1998" huku jina lake limesajiliwa mwezi uliopita, funga ukurasa. Na ile alama ya kufuli juu ya kivinjari maana yake ni kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe njiani. Cheti chake kinapatikana bure tangu Let's Encrypt ilipoanza kuvitoa kwa umma mwaka 2015, na tapeli naye anakichukua.

TarakeaBoy

Mimi niliagiza simu, namba ya kufuatilia mzigo inaonyesha "umepokelewa Dar es Salaam", na mimi sijapokea chochote. Muuzaji anasema angalia mwenyewe, umepokea. Nimeshapigwa?

MzigoNjiani

Bado. Huo ni mchezo wa zamani: wanatuma bahasha yenye pete ya plastiki kwa mtu yeyote mjini kwako ili namba isome "imepokelewa". Nenda Posta au kampuni iliyobeba, na namba hiyo mkononi, uombe uthibitisho wa maandishi wa vitu viwili: uzito wa kifurushi na anwani au sanduku la posta lililopokea. Simu haina uzito wa gramu 20. Karatasi hiyo ukiiambatanisha kwenye lalamiko, utetezi wa muuzaji unaanguka. Usiende na hadithi tupu, mwamuzi yuko mbali na hakujui.

WaLeicester

Nipo Uingereza, nawasomea. Ndugu mlio huku kumbukeni tuna kitu kikubwa ambacho wengi wetu hatukitumii. Sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kifungu cha 75: ukinunua kitu kinachozidi pauni 100 na kisichozidi 30,000 kwa kadi ya mkopo, benki inawajibika pamoja na muuzaji. Na mwaka 2007 mahakama ya juu kabisa ya hapa, wakati huo House of Lords, iliamua kwamba ulinzi huo unafika hata kwa manunuzi ya nje ya nchi. Kadi ya kawaida ya akaunti haimo kwenye kifungu hicho, ni ya mkopo tu. Mimi jokofu la duka la mama Tanga sikulilipia kwa njia nyingine.

MzigoNjiani

Nashukuru sana kwa hilo. Tahadhari moja kwa wanaoagiziwa na ndugu: kwenye karatasi, mnunuzi awe ndiye mwenye kadi. Oda ikiwa kwa jina la mtu wa Tanga na kadi ni ya mtu wa Leicester, benki inaweza kusema mwenye kadi hakununua chochote. Anwani ya kupelekwa inaweza kuwa tofauti, jina la mnunuzi lisiwe tofauti. Na akilipa kupitia PayPal katikati, kifungu hicho kinaweza kisimsaidie, kwa hiyo aweke kadi moja kwa moja kwa muuzaji.

GariKwanza

Wakuu tuje kwenye magari. Japani hawataki kadi, ni TT tu, yaani kutuma pesa benki kwa benki. Na TT ikienda imeenda. Sasa hapo usalama uko wapi?

MzigoNjiani

Swali zuri na gumu. Kwenye magari njia ya malipo haikulindi, kwa hiyo ulinzi wote unafanyika kabla ya kulipa. Hakuna pa kukimbilia baadaye, ndiyo maana ningependa watu watumie siku nzima kwenye hatua hii hata kama gari linaonekana litachukuliwa na mwingine.

Chukua ile proforma, yaani ankara ya awali aliyokutumia muuzaji, uiweke mezani. Soma namba ya SWIFT, ile inayoitambulisha benki kimataifa. Ina herufi nane au kumi na moja, na ya tano na ya sita ndizo za nchi. Mfano BOTKJPJT ni ya benki ya MUFG ya Tokyo: hesabu, B-O-T-K, kisha JP. Muuzaji anayesema yuko Yokohama na SWIFT yake katikati ina GB, TR au HK, akueleze kwa nini, na maelezo ya "tawi letu la fedha" mimi binafsi siyakubali. Japani hawatumii IBAN, ule mfumo wa namba ndefu za akaunti unaotumika sana Ulaya. Ukipewa "akaunti ya Japani" yenye IBAN, simama hapo hapo. Jina la akaunti liwe la kampuni ileile iliyo juu ya proforma, lisiwe la mtu.

Kisha kampuni yenyewe. JUMVEA, chama cha wauza magari yaliyotumika wanaosafirisha nje ya Japani, kina orodha ya wanachama kwenye tovuti yake, na kinatangaza pia kampuni za utapeli. Matapeli wanapenda kuiba jina la kampuni halisi na kubadilisha herufi moja kwenye anwani ya tovuti, kwa hiyo namba ya simu ichukue kwenye orodha ya chama, usiichukue kwenye proforma, upige mwenyewe uulize gari lenye namba hiyo ya chasi lipo?

Mkikubaliana kulipa kwa awamu, BL halisi (hati ya kupakia mzigo melini) ndiyo ufunguo wa gari bandarini, na muuzaji atakaa nayo mpaka umalize. Hilo ni sawa, yeye naye anajilinda. Wewe jilinde kwa kutomalizia salio kabla hujapata nakala ya BL yenye jina lako na namba ya chasi, na kabla wakala wako wa forodha hajahakikisha kwa kampuni ya meli kwamba gari limepakiwa kweli.

Kwa mashine kubwa kutoka Ulaya au Marekani kuna huduma za mtu wa kati kushika pesa, Escrow.com ipo tangu 1999. Hapo napo kuna tovuti bandia kibao zinazofanana nayo, kwa hiyo huduma ya kushika pesa uichague wewe. Muuzaji akiing'ang'ania ya kwake, ondoka. Wenye makontena wakaongee na benki kuhusu barua ya dhamana (letter of credit), ile ambayo benki inalipa nyaraka zikikamilika. Ila benki hukagua karatasi tu, haifungui maboksi. Nyaraka nzuri za mzigo mbovu zinalipwa. Ukiitumia, weka cheti cha mkaguzi huru, SGS au mwingine, kiwe mojawapo ya nyaraka zinazotakiwa.

GariKwanza

Mkuu umenishtua. Jana saa tisa mchana nimelipa TT ya dola 4,100. Asubuhi ya jana walinitumia barua pepe kwamba akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi, nitumie mpya. Nimeangalia sasa hivi herufi za tano na sita: si JP. Na anwani ya barua pepe ina "l" mbili pale ilipokuwa na moja. Nafanyaje?

MzigoNjiani

Usisubiri jibu lao, na usiwaandikie chochote. Acha unachofanya uende tawini sasa hivi.

Ukifika usipange foleni ya kawaida, ingia kwa meneja au dawati la malipo ya nje. Sema maneno haya: "Naomba muamala huu usimamishwe na urudishwe, ni utapeli." Watakupa barua ya kuandika au fomu, weka neno utapeli kwa maandishi. Omba nakala ya uthibitisho wa malipo, wengi wanaiita MT103, ndani yake kuna namba ya ufuatiliaji yenye tarakimu na herufi 36 pamoja na vistari vyake. Kwa namba hiyo benki inaweza kuona pesa imefika wapi. Kama bado iko benki ya katikati, au imefika lakini haijaingizwa kwenye akaunti ya mpokeaji, inaweza kuzuiwa. Ikishaingizwa, benki ya kule kwa kawaida inataka ridhaa ya mpokeaji au amri ya mamlaka, kwa hiyo kila saa ina maana. Umelipa jana mchana, bado kuna uwezekano.

Ukitoka benki nenda polisi kitengo cha makosa ya mtandaoni, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), uipeleke benki siku hiyohiyo ili benki ya kule ione kuna jinai. Kisha mpigie muuzaji halisi kwa namba iliyoko kwenye orodha ya chama, kwa sababu barua pepe yake au yako imevamiwa. Badilisha nywila yako kwa kutumia kifaa kingine, na uangalie kwenye mipangilio kama kuna mtu ameweka barua zako zielekezwe kwingine.

GariKwanza

Niko njiani, Ubungo. Foleni.

MzigoNjiani

Panda bodaboda. Na kabla hujapanda, piga namba ya huduma kwa wateja iliyoko nyuma ya kadi yako, uwape namba ya muamala waanze kuandika hukohuko. Ukishapata ile namba ya ufuatiliaji usiibandike hapa jukwaani, wala usikubali mtu yeyote wa PM anayesema anaweza kukurudishia pesa kwa malipo. Watakuja, nakuhakikishia, wanawinda nyuzi kama hizi. Leta mrejesho kwenye uzi huu jioni, tupo.